Maji ya Jumapili

…na maji yalikuwa yanapita tu, hayana haraka, hayana habari na mtu, yakipita mbele ya vidole vya miguu yake kama wageni wanaopita nyumba isiyotoa moshi, na Eliakunda aliyatazama kama mtu anavyotazama ukuta, amekaa kwenye ukingo wa mfereji, mkono mmoja juu ya jiwe, mwingine mapajani, manati ya kufukuzia ngedere imelala kwenye nyasi, maana hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa, kuchunga ngedere wasing'oe maharage, wakati baba na mama na wadogo zake wawili wamekwenda kanisani, na ngedere leo hawajatokea hata mmoja, labda hata wao wameona shamba hili halina cha kuibiwa, mahindi yamefika magotini yakasimama hapo hapo, majani yamejikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi, na ncha zake zimeanza kuwa na rangi ile ya karatasi iliyowekwa karibu na moto, Ijumaa hazikuwa hivi, Jumamosi zililegea, na leo ni siku ya tatu, na bwana shamba alisema siku ya tatu… alisimama pale kwenye shamba lake la mfano, soksi nyeupe mpaka magotini, akachota mbolea ile nyeupe, chumvi kama tunavyoiita, kwa kijiko mbele ya watu wote, akasema, "Kijiko kimoja kila shina, mbali kidogo na shina, halafu kesho yake maji. Keshokutwa ukichelewa sana. Siku ya tatu usinitafute," na watu wakacheka, shamba lake la mfano liko ukingoni mwa kijito, yeye kesho yake ni kesho kweli, akiinama tu anachota, na siku ile Zebedayo, jirani yao wa chini, ndiye aliyeuliza, mikono nyuma, sauti ya upole kama ya mtu anayeuliza njia, "Bwana shamba, bei mmeipunguza, tunashukuru. Na maji je, mmeyaongeza?" na watu wakacheka zaidi, na baba hakucheka, baba alikuwa anahesabu mistari ya mahindi ya bwana shamba kwa macho, Eliakunda aliona midomo yake ikienda.

Nusu bei. Maneno hayo mawili yalipanda mlima kutoka Same mwezi wa saba kabla hata ya magunia yenyewe, mbolea ya kizungu nusu bei mwaka huu, mwaka huu tu, serikali inataka mwonje, na mwaka jana gunia lile walilinunua wale wa juu peke yao, wale ambao mashamba yao yamekaa mdomoni mwa ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya usiku, maana ukikaa mdomoni hukosi tone, na ukiwa na maji chumvi inakuwa chakula, lakini wa huku chini hata ungewapa bure wangeifanya nini, wangeilamba, mama alisema hivyo, "tutailamba?" na baba akamwambia mama nyamaza, mwaka jana, mwaka huu hakumwambia nyamaza kwa sababu mama hakusema kitu, mama alikuwa anamtazama Eliakunda, na Eliakunda alikuwa anakunja sketi yake ya shule, likizo ya Juni ilikuwa imekwisha, sanduku limefungwa kamba, na baba akasema akiwa amegeukia mlango, "Ngoja kwanza, mwanangu. Mahindi haya yakitoka tunayashusha Hedaru, wenye malori wananunua, Januari unarudi darasani kwako, hutakuwa umepoteza ila nusu mwaka," na ada na bei ya gunia vilikuwa vimekaribiana kama mapacha, na yeye alisema ndiyo baba, akafungua kamba, akatoa sketi, hakulia, alishangaa kwamba halii, alikaa akingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, chafya ikarudi ndani, na tangu hapo kila kitu kimekuwa hivi, kama mguu uliokaliwa vibaya, unauona ni wako, unaubonyeza, si wako… shuleni walikuwa wamefika kwenye hesabu za tangi, tangi linajazwa na bomba moja kwa saa sita na likijaa linavuja lote kwa saa nane, je, litajaa baada ya saa ngapi, na mwalimu alimwita ubaoni kwa sababu wengine walisema haliwezi kujaa, na yeye akasema linajaa, polepole, lakini linajaa, akaonyesha, sasa kwenye dawati lake amekaa nani, msichana mmoja wa Mamba alikuwa anakitaka sana kiti kile cha dirishani.

Na mwaka huu tangi halijai, hapo ndipo watu walipokosea, kila mtu alifikiri peke yake, kila mtu alisema mimi nikitia chumvi nitavuna mara mbili, na ni kweli angevuna, kama ni yeye peke yake, lakini nusu bei haikuambiwa mtu mmoja, wa juu walichukua magunia mawili mawili, wa kati moja, wa chini wakachangiana, hata wajane walichanga, na ilipofika Agosti kila mwenye kijiko alikwenda kwa mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, kusema na mimi zamu yangu, na mimi, na mimi, wengine ambao tangu wazaliwe walilima kwa mvua tu, na mzee Melkizedeki alipuliza pembe akaita msaragambo, watu wote wakaja na majembe kuchimbua tope la ndiva ili angalau libebe zaidi, wakachimba siku mbili, na maji yenyewe yakabaki yale yale, kijito hakijui bei, kwa hiyo zamu iliyokuwa inarudi kila siku ya tano ikawa inarudi kila siku ya tisa, na bado haikutosha, mpaka wakasema mbele ya ndiva, basi na Jumapili ihesabiwe, iwe siku kama siku nyingine, asiyetaka impite, na baba akasimama, Naftali, mzee wa kanisa, kofia mkononi, akasema yeye hatamzuia mtu, ila nyumba yake haitafungua maji siku ya Bwana, ikiangukia kwake itapita, watu ni mashahidi, na alisema vizuri, sauti yake haikutetemeka, Eliakunda alikuwa pamoja na wanawake akibeba tope kwa kikapu na akajisikia kunyooka mgongo, hilo analikumbuka, ndiyo mara ya mwisho kujisikia kitu, na hata hesabu ilikuwa upande wao, zamu yao ilikuwa Jumamosi, waliihesabu mara tatu kwa vidole, Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa mchana kutwa waliinama wote, baba na mama na yeye, kijiko kwa kijiko, chumvi nyeupe inachoma kwenye nyufa za vidole, baba akaimba akiwa ameinama, na jioni ile ile mzee Lukasi akafa.

Mzee Lukasi, miaka yake ilikuwa haijulikani, amekuwa anakufa tangu masika, na akachagua Ijumaa, na siku ya maziko hakuna jembe linaloinuliwa mlimani hapa, hakuna mfereji unaofunguliwa, hata mtoto hachimbi panya, tangu mababu, kabla ya kanisa na baada ya kanisa, mtu hawezi kuingia ardhini na jembe lako nalo linaingia ardhini upande wa pili, kwa hiyo Jumamosi ndiva lilikaa limefungwa, limejaa hadi shingoni, na watu walikaa msibani wakila makande, na baba alikaa kati ya wazee akiwa na sahani ambayo hakuila, na zamu ikasogea siku moja, siku moja tu, kama mtu anavyosogea kwenye benchi kumpisha mwenziwe, ikaangukia leo, baba alikwenda kumwomba mzee Melkizedeki abadilishane na mwenye Jumatatu, na mwenye Jumatatu naye alikuwa amekwisha kutia chumvi, na wa Jumanne, na wa Jumatano, kila mtu alikuwa na chumvi ardhini, nani angempisha nani… maji yakipita leo yatarudi baada ya siku tisa, siku tisa mahindi haya hayatangoja, na maji yanapita, kipande cha ganda la mgomba kilikuja juu ya maji, kikagonga bonge la udongo linaloziba mlango wa shamba lao, kikazunguka kidogo, kikaona kumefungwa, kikaenda.

Kule juu kengele ilikuwa imekwisha kulia zamani, wakaanza wimbo wa kwanza, sauti za kike zinafika kwanza, za kiume zinafuata chini yake kama mawe, na sauti ya baba hawezi kuitofautisha lakini anajua iko wapi, benchi la mbele, kushoto, na akafikiri, bila uchungu, kama anayewaza habari za watu wengine, kwamba angeweza kusimama, hatua mbili, ang'oe bonge lile, na maji yangeingia, ni kitu kidogo sana, bonge la udongo lenye nyasi, mtoto wa miaka mitano anaweza, halafu ardhi ingekuwa nyeusi, na baba akirudi angeona nyeusi, na angesema nini, na akafikiri kwamba hajali, kisha akafikiri kwamba pengine anajali lakini kujali kwenyewe kumekaa mbali, chumba cha pili, mlango umefungwa… "Wewe mwali," mtu aliita, na ilikuwa Zebedayo, amesimama kwenye ngazi ya chini ya shamba, suruali imekunjwa, na mkewe Koleta nyuma yake, amekwisha kurudi misa ya alfajiri na bado amevaa kitambaa chake cheupe kichwani, Koleta Mkatoliki, yeye anasali mapema, anamaliza, anashuka kulima, na hana neno na mtu. "Shikamoo, mama. Shikamoo, baba." "Marahaba. Maji yanakupita hivyo kama harusi ya jirani, hata vigelegele hupigi?" na Koleta akamwambia mumewe, "Mwache mtoto," na Zebedayo akasema, "Nimemfanya nini? Ninamsalimu," kisha akasema, "Mimi kwangu nimeziba. Nimekaa nangoja. Haya si maji yangu, ni yenu, mimi nakula mabaki. Lakini mkiyaacha yaende mpaka Maore kunywesha vyura, hapo nitayachukua, nisilaumiwe," na Eliakunda alisema, "Chukua tu, baba," kwa sauti iliyotoka sawa kabisa, sauti ya kumpa mtu kiberiti, na Zebedayo hakuondoka.

Eliakunda alikuwa na miaka tisa wakati Zebedayo aliposimamishwa mbele ya kanisa, anakumbuka miguu, maana watoto walikaa chini mbele na miguu ndiyo iliyokuwa karibu, miguu ya Zebedayo imeoshwa lakini kwenye kucha mlikuwa na tope la mfereji ambalo halitoki, na ni baba aliyesoma jina lake kwenye karatasi, alifungua maji Jumapili mbili, alionywa, akafungua tena, miezi sita nje ya meza ya Bwana, na Zebedayo alisema ndiyo, nilifungua, maharage yalikuwa yanakufa, alisema hivyo tu, hakuomba, hakubisha, akatoka kwa mlango wa upande, na ile miezi sita ilipokwisha hakurudi kundini, wengine walisema ni kiburi, wengine walisema ni Koleta, na baba jioni ile alipofika nyumbani aliketi nje muda mrefu, akamwambia mama, "Si mimi, ni neno," na mama akasema, "Najua," na yeye Eliakunda akafikiri hivi ndivyo watu wazima wanavyofanya, mtu mwema anasoma na mtu mbaya anatoka, ilikuwa rahisi kama hesabu… "Sikia," Zebedayo alisema, na sasa amesogea mpaka upande wa pili wa mfereji, maji katikati yao, anazungumza chini chini kama watu wa kanisani wangeweza kumsikia, "niache nikufungulie mimi. Mimi nimeshatengwa. Hakuna mahali pengine pa kunipeleka," na akacheka kidogo, na Koleta hakucheka. "Baba hatapenda," Eliakunda alisema. Zebedayo akamtazama mkewe, mkewe akatazama mahindi. "Mwambie," Koleta alisema, "au usimwambie, lakini usisimame hapo kama mti." Na Zebedayo akajikuna shingo, akasema, "Baba yako alipita kwangu jana, baada ya maziko. Hajakanyaga kwangu miaka sita. Hakuniomba kitu, usije ukasema aliniomba. Alikaa. Akasema wewe utakuwa huku shambani unachunga ngedere. Akasema jembe ataliacha nje. Akasema itakuwa masikitiko maji kupotea, basi. Akaondoka. Chai hakunywa."

Na jembe lilikuwepo, kweli, limeegemea mgomba hatua tatu kutoka alipokaa, alikuwa ameliona tangu asubuhi na hakuliona, jembe la baba ambalo kila Jumamosi jioni huoshwa na kuwekwa ndani nyuma ya mlango mpaka Jumatatu, mbona leo liko nje, na asubuhi baba alipoaga hakumtazama, alitazama juu ya kichwa chake, akasema, "Basi, chunga," mara mbili, basi chunga, na kwa nini yeye, kwa nini si mdogo wake ambaye manati anaijua kuliko yeye, na akaona sasa, polepole, kama tangi lile, linajaa, baba alikuwa amepanga watu wawili karibu na mlango wa maji, binti aliyekatishwa shule na jirani aliyetengwa, mmoja wao atafungua, yeyote, kisha yeye atashuka kutoka kanisani na kukuta ardhi nyeusi na atasema, nani amefanya hivi, au hatasema, atasikitika mbele ya watu, atasamehe, ndiyo, atasamehe, na mahindi yatanyanyuka, na Januari Eliakunda atafunga tena sanduku kwa kamba, na neno la baba pale kwenye ndiva litabaki zima kama yai, na karatasi ya kanisa ikisomwa jina litakalosomwa si lake, na tena si kwamba baba ni mtu mbaya, baba hakula ile sahani ya makande, baba alikwenda mwenyewe kwa miguu yake kukaa nyumbani kwa mtu aliyemsomea jina, akashindwa kusema sentensi moja, nisaidie, angesema nisaidie tu, kwa Zebedayo, au kwake yeye, binti yake, angesema mwanangu, siwezi kufungua na siwezi kutofungua, angemjibu, angempenda hata… uso ukaanza kumwaka moto, masikio, shingo, damu inarudi kwenye mguu uliokaliwa, na inauma, alikuwa amesahau kwamba inauma inaporudi, aliaibika, si kwa ajili yake, aliaibika kwa ajili ya miguu ile yenye tope kwenye kucha inayosimama sasa upande wa pili wa maji, tayari kubeba tena, kwa mzaha, kana kwamba ni kawaida. "Basi?" Zebedayo alisema. "Nifungue?" "Hapana, baba." "Utafungua mwenyewe?" "Nitafungua mwenyewe." "Haya, inuka, jua linakula mahindi."

Hakuinuka. Juu wamemaliza wimbo, kimya, ndiyo mahubiri, na baada ya mahubiri wimbo wa sadaka, matangazo, baraka, kisha watatoka wote kwa pamoja na kushuka kwa njia ile moja iliyopo, inayopita juu ya shamba hili, mia nzima ya watu, wameshika viatu mkononi, mchungaji katikati na wazee wa kanisa kando yake, na kutoka pale kwenye kona ya njia mtu anauona mfereji wote, mlango wa maji, na aliyesimama mlangoni. "Sasa unangoja nini?" Zebedayo aliuliza. "Nangoja watoke." "Nani?" "Kanisa." Koleta ndiye aliyeelewa kwanza, alishika kitambaa chake cheupe akasema taratibu, "Mwanangu, atakuambia uache. Mbele ya watu wote hao atakuambia uache." "Akiniambia niache, nitaacha," Eliakunda alisema, "na asiponiambia, basi hakuniambia, wote watakuwa wamesikia," na alishangaa, sauti ilitetemeka, ilikuwa yake. "Na maji yakiisha kabla hawajatoka?" Hilo alikuwa amekwisha kulihesabu, ndiva la usiku mbili, limefunguliwa jua linachomoza, huwa linaisha saa sita, na leo kuna ubatizo, ubatizo unakula muda, linaweza kuisha, linaweza lisiishe, hii si hesabu ya ubaoni yenye jibu nyuma ya kitabu, mahindi yanaweza kufa kwa sababu yake, na Januari pamoja nayo, aliliona hilo wazi, akaliacha likae. Zebedayo aliketi chini kwenye ukingo wa upande wake. Hakwenda kufungua kwake. Koleta naye akaketi, akakunja magoti, na wote watatu wakatazama maji, ambayo yalikuwa yanapita kama yalivyokuwa yanapita, si mengi zaidi wala si machache, na Eliakunda, ambaye tangu Julai alikuwa anasema amina bila kuomba chochote, akajikuta anaomba, macho wazi, kitu kidogo tu, mchungaji asirefushe.